Turmusi nilizopika kama maharage zimemlaza mume wangu hospitali

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Hamburg na mume wangu na mtoto wetu wa miaka 7. Jirani yetu Mmisri hutuletea turmusi, zile punje bapa za njano zinazokaa kwenye maji ya chumvi, unazimenya kwa meno na kuzila kama njugu. Tumezipenda sana. Juzi nilizikuta kavu kwenye duka la vyakula vya Kiarabu, nikanunua kilo moja. Mfuko umeandikwa jina kwa Kiarabu, na kwa Kijerumani maneno mawili tu: lupini kavu. Maelezo ya kupika hakuna.

Nilichukua kama gramu 400, nikaziloweka usiku kucha, asubuhi nikamwaga maji, nikazichemsha saa moja na nusu, kisha nikaziunga kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi humo humo kwenye supu yake. Zilikuwa chungu. Nikaongeza ndimu, chumvi na pilipili, uchungu ukafifia. Bahati mtoto alikuwa shule. Mimi nilikula vijiko vitatu hivi, mume wangu akala bakuli zima, kama gramu 200.

Haikupita saa moja na nusu mdomo ukamkauka kabisa, akaanza kuona ukungu hata simu hawezi kusoma, mboni za macho zikapanuka, moyo ukamwenda mbio, na kukojoa akashindwa. Hospitali walimlaza mpaka kesho yake. Sasa ni mzima. Mimi nilipata kizunguzungu na mdomo mkavu, basi.

Mabaki ya sufuria nimeyagandisha kwenye friza, na kavu zimebaki gramu 600. Naweza kuziokoa, labda kwa presha kuka? Mtoto wetu ana mzio wa karanga, je, hizi zinamhusu? Wifi yangu ana mimba ya miezi mitano na ndiye mpenzi mkubwa wa turmusi za jirani. Halafu dada yangu wa Lushoto ana maua ya lupini bustanini, mbegu zake zimejaa, ananiuliza kama zinaliwa.

Mama Mmoja, Hamburg

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na mumeo mpe pole zangu.

Kwanza nenda kwenye friza, toa yale mabaki, mwaga yote. Usionje, usisuuze, usimpe mbwa wa mtu. Sumu imeshatoka kwenye punje ikaingia kwenye tui, na baridi ya friza haiiondoi. Ukishamaliza, rudi tuzungumze.

Turmusi, au lupini, zina sumu yake ya asili. Ni kundi la alkaloidi ambalo mmea hujitengenezea kuwafukuza wadudu na wanyama, na kubwa zake ni lupanini na spateini. Uchungu ulioonja ndio alkaloidi zenyewe. Kwa hiyo ulipoweka ndimu na pilipili uliuziba ulimi wako usipate habari, lakini sumu ilibaki pale pale kwenye sufuria. Nakuambia hivi bila kukulaumu, maana mfuko haukuwa na maelezo, na mpishi yeyote aliyekulia kwenye kunde na mbaazi angefanya vile vile.

Kosa linaanzia kwenye kuamini kwamba moto unamaliza kila kitu. Maharage mekundu mabichi yana sumu pia, lakini ile ni protini, na mchemko wa nguvu huivunja. Muhogo mchungu una sianidi, na hiyo ukiloweka, ukisaga au ukikausha vizuri huachiliwa ikapotea na maji au ikapaa hewani. Alkaloidi za lupini hazivunjwi na mchemko wa jikoni wala hazipai. Presha kuka itazilainisha punje haraka zaidi tu, sumu iko mle mle. Magadi nayo hulainisha, hayaondoi kitu. Kinachoondoa ni maji yanayobadilishwa tena na tena kwa siku kadhaa, kwa sababu alkaloidi hizi huyeyuka kwenye maji. Watu wa kusini na pwani wanaoijua ndiga, kile kiazi cha mwituni cha wakati wa njaa, wanalielewa jambo hili bila maelezo mengi: huloweka siku nyingi ndipo wale. Huko Peru na Bolivia lupini yao inaitwa tarwi, na desturi ya zamani ni kuichemsha, kuitia kwenye magunia na kuyazamisha mtoni maji yapite siku kadhaa. Waethiopia wanayo pia, wao huiita gibto, nao huloweka kwa siku. Jirani yako Mmisri naye, ama amenunua zilizokwisha kuandaliwa, ama amezikalia wiki nzima jikoni kabla ya kukuletea.

Sasa tupige hesabu, uone kwa nini bakuli moja lilitosha kumwangusha mtu mzima. Lupini chungu kwa kawaida huwa na alkaloidi kati ya gramu 10 na 20 katika kila kilo ya mbegu kavu, na baadhi huvuka hapo. Gramu 200 zilizopikwa ni sawa na kama gramu 80 kavu, kwa sababu punje huvimba kwa kunywa maji. Chukua kiwango cha chini, gramu 10 kwa kilo: kwenye gramu 80 kuna miligramu 800. Tuseme kuloweka kwako kuliondoa hata nusu, ingawa punje mbichi yenye ganda zima haitoi kiasi hicho kwa usiku mmoja. Zinabaki miligramu 400. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilipoichambua sumu hii mwaka 2019 ilichukua kipimo cha miligramu 0.16 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kuwa ndicho cha chini kinachojulikana kuleta athari kwa mara moja. Kipimo hicho kilitokana na spateini, ambayo zamani ilikuwa dawa ya kurekebisha mapigo ya moyo. Mtu wa kilo 80 basi ni karibu miligramu 13. Mumeo alikula kama mara 30 ya hapo.

Alkaloidi hizi huzuia ishara za neva zinazoendesha mate, mboni, moyo, utumbo na kibofu. Ndiyo maana mdomo ulikauka, macho yakashindwa kulenga karibu, moyo ukakimbia na mkojo ukakataa. Dalili huanza ndani ya nusu saa hadi saa chache, na kwa wengi huisha ndani ya siku moja. Kwa mtoto mdogo kiasi kidogo zaidi kinaweza kuua. Wapo pia watu ambao ini lao huichakata spateini polepole mno kwa maumbile. Watafiti wa Ujerumani walilieleza jambo hilo mwaka 1979, na miongoni mwa Wazungu ni kama watu 5 hadi 10 katika kila 100. Huwezi kumjua mtu wa aina hiyo kwa kumtazama, hivyo "mimi nilikula sikudhurika" isiwe kipimo cha mwingine. Mwenye glakoma (presha ya macho), tezi dume iliyovimba, moyo unaopiga bila mpangilio, au anayetumia dawa zinazokausha mdomo kama baadhi ya dawa za mzio na za sonona, huyo asile za kuandaliwa nyumbani kabisa.

Likitokea tena kwa yeyote, mlifanya vyema kwenda hospitali, fanyeni hivyo hivyo. Asitapishwe, asipewe maziwa, asiendeshe gari kwa macho yale. Hapo Ujerumani piga 112 kama anachanganyikiwa, anatetemeka au anapumua kwa shida. Kwa dalili nyepesi piga kituo cha habari za sumu cha jimbo lenu, hupokea simu mchana na usiku. Nenda na mfuko na chakula kilichobaki. Mwambie daktari neno lenyewe, lupini chungu, kwa sababu bila hilo anaweza kudhani ni dawa za kulevya au mmea mwingine.

Zile gramu 600 kavu unaweza kuziokoa, ikiwa ziliuzwa kama chakula na hazina rangi ya dawa ya mbegu. Lakini uwe na nafasi ya wiki nzima. Kama huna, zitupe, ununue za chupa zilizo tayari kwenye maji ya chumvi. Bei yake haifiki thamani ya usiku mmoja wa hospitali.

Chambua kwanza kama unavyochambua mchele, ila kwa jicho kali zaidi. Toa zilizotoboka, zilizosinyaa, na hasa zenye madoa ya kahawia au ukungu. Kuna kuvu anayeota kwenye lupini na kutoa sumu nyingine, fomopsini, inayoharibu ini. Hiyo haimalizwi na mchemko, na utaratibu wote nitakaokupa haukuundwa kwa ajili yake. Australia, wanakolima lupini kwa wingi, wameweka kikomo cha mikrogramu 5 tu kwa kilo. Jikoni dawa yake ni kutupa punje mbovu, na mfuko ukiwa na harufu ya uvundo, tupa wote.

Gawa, usifanye zote kwa mara moja. Gramu 300 zinahitaji sufuria ya lita 5. Loweka kwa lita 2 za maji baridi saa 24, badilisha maji mara mbili humo katikati. Zitavimba mara mbili na zaidi. Mwaga, weka lita 3 mpya, chemsha nusu saa. Mwaga tena, suuza, weka lita 3 nyingine, chemsha nusu saa hadi saa nzima, mpaka punje ibonyee kati ya vidole viwili huku bado ikiwa imara. Chumvi bado. Mchemko huu hauondoi sumu kwa joto lake. Unaiua punje, na punje ikishakufa kuta za chembe zake haziizuii tena alkaloidi, inaanza kuvuja kwenye maji. Punje mbichi hai hung'ang'ania sumu yake, ndiyo maana kuloweka peke yake siku kumi bila kuchemsha ni kazi bure, na zitachipua au kuoza kabla hazijawa tamu.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe. Zitie kwenye lita 3 za maji baridi, weka kwenye friji, na ubadilishe maji asubuhi, jioni na kabla ya kulala. Suuza kila unapobadilisha. Usidanganyike kwamba kuziacha siku mbili kwenye maji yale yale ni sawa na kubadilisha mara sita: alkaloidi hutoka mpaka maji yalingane na punje kwa ukali, halafu zinasimama. Maji mapya ndiyo huzivuta tena. Kumbuka tunataka kutoka gramu 10 au 20 kwa kilo kushuka mpaka chini ya miligramu 200 kwa kilo, kiwango ambacho Australia na New Zealand zimeweka kuwa mwisho kwa chakula. Yaani ipungue mara 50 hadi 100. Hesabu siku 5 hadi 7 kwa punje ndogo, na hizo kubwa bapa zinaweza kufika 10 au hata 14. Siku zisikupe uhakika, ulimi ndio uamue.

Namna ya kuonja ina taratibu zake. Usionje kabla ya siku ya 4. Chukua punje 5, moja juu, moja chini, tatu katikati, kwa sababu mfuko mmoja unaweza kuwa na mbegu za namna mbili. Menya, tafuna kila moja taratibu mpaka ifike nyuma ya ulimi, hesabu nusu dakika, tema, sukutua, kisha chukua inayofuata. Uchungu wa lupini huchelewa kufika. Moja tu ikiwa chungu, sufuria yote inarudi kwenye maji. Zote zikiwa hazina uchungu, ongeza siku moja zaidi. Anayeonja asiwe mtoto wala mwenye mimba, wala mwenye mafua, maana pua iliyoziba humwongopea mtu. Na baada ya wiki ya kuonja ulimi huzoea, hivyo siku ya mwisho muombe mumeo athibitishe, kama ana moyo wa kuzigusa tena.

Chumvi inaingia hapo, si kabla, kwa sababu chumvi huuficha uchungu na jaribio lako linakuwa halina maana. Gramu 30 hadi 40 kwa lita moja ya maji, friji, na uzile ndani ya wiki. Zikitoa ute, povu au harufu ya kuchacha wakati wowote, hata zikiwa tamu, zimwage. Kijibakuli kidogo kwa mtu mmoja kinatosha.

Maji yote ya kuloweka na kuchemshia mwaga kwenye sinki. Usiyatumie kupikia kitu kingine, na nyumbani Tanga usiyamwagie mbuzi au kuku. Huko kwenye milima ya Andes, ya Peru na Bolivia, maji hayo hutumika kuua chawa wa mifugo na wadudu wa mimea, kwa hiyo ujue ukali wake. Vile vile usisage lupini chungu kupata unga, wala usizikaange kama njugu. Kukausha na kukaanga huiacha sumu yote ndani.

Utakutana pia na unga wa lupini, kahawa ya lupini na soseji za mimea huko madukani. Hivyo hutengenezwa kwa lupini tamu. Tamu hapa si ya sukari, maana yake haina uchungu. Mjerumani Reinhold von Sengbusch ndiye aliyezipata mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa kupima mimea mingi mmoja mmoja mpaka akapata michache iliyokosa karibu alkaloidi zote. Kwa macho mbegu tamu na chungu hazitofautiani, na zikipandwa jirani huweza kuchavushana na kurudisha uchungu. Hivyo soma maandishi ya mfuko, na kama hayasemi chochote, kama mfuko wako, chukulia ni chungu. Hata bidhaa iliyoandikwa tamu, ukisikia uchungu usiile.

Kuhusu mtoto, hapa nataka unisikilize vizuri zaidi kuliko mahali pengine pote. Mzio ni jambo tofauti na sumu. Protini za lupini zinafanana na za karanga, na mwenye mzio wa karanga anaweza kupata mzio wa lupini siku ya kwanza anapoila. Kuloweka wiki mbili hakusaidii, lupini tamu haisaidii, kuoka hakusaidii. Usimjaribishe nyumbani hata punje moja. Peleka swali hili kwa daktari wa mzio wake ampime. Mpaka hapo, nyumbani kwenu zisiwe mahali anapofika, na jirani aambiwe waziwazi. Sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 2006 imeiweka lupini kwenye orodha ya vyakula vya mzio vinavyolazimika kutajwa, kwa hiyo tafuta neno hilo nyuma ya mikate, biskuti, tambi zisizo na gluteni, piza na vyakula vya wasiokula nyama. Akivimba midomo, akitoka vipele au kukoroma kifuani, huo ni mzio: tumieni sindano yake ya adrenalini kama ameandikiwa, mpige 112.

Wifi yako aache za nyumbani mpaka ajifungue. Spateini ilitumiwa na madaktari wa Marekani kuchochea uchungu wa uzazi, kwa kuwa hubana mji wa mimba, na mwaka 1979 ikaondolewa kwenye matumizi hayo kwa sababu mbano wake haukutabirika. Turmusi zilizoandaliwa vizuri zina kiasi kidogo sana, lakini hakuna anayeweza kumhakikishia kwamba jirani alibadilisha maji mara ngapi. Kama hamu imemshika, akamuulize mkunga wake kabla hata ya zile za chupa, na asinywe maji yake.

Na dada yako wa Lushoto, jibu ni hapana. Lupini za bustani zinapandwa kwa maua, hakuna aliyezichagua ziwe tamu, na baadhi zina aina za alkaloidi zinazojulikana kulemaza ndama tumboni. Utaratibu niliokupa ni wa lupini za chakula, asiuhamishie kwenye hizo. Kama kuna watoto wadogo wanaocheza hapo, akate maganda ya mbegu yakishaanza kukauka kabla hayajapasuka, maana mbegu zake zinafanana na njugu machoni pa mtoto. Ng'ombe na mbuzi asiwafunge karibu. Mbegu hizo ziwe za kupandia tu, ziwekwe kwenye kopo lenye kifuniko na maandishi, mbali na kabati la nafaka.

Shangazi